Miwani ya Penseli

Jumanne, saa mbili usiku, juu ya duka la mbegu,
bendi ya mji hufungua madirisha hata theluji ikianguka,
maana pumzi za watu ishirini na wawili
huvitoa vioo jasho.
Mimi ndiye mwanafunzi. Miaka sitini na mmoja.
Kulia kwangu ameketi Loris, ana tisa,
naye hunicheka kwa adabu.

Miaka thelathini na minane nimenoa visu Maniago.
Chuma kilichoiva nakijua kwa sikio.
Lakini mistari hii mitano, siku ya kwanza,
niliona reki tu,
na takataka nyeusi zimenasa menoni mwake.

Mwalimu Duilio, mchana fundi bomba,
akasema: Nives, usitishike.
Nusu ya maneno haya umeyatumia jikoni tangu uote meno.
Na kweli.
Piano: ndilo neno la mama
nilipobeba bakuli la supu limejaa hadi ukingoni.
Forte: jibini la mjomba Ermes, kabatini, mwezi wa saba.
Scala ni ngazi, kama ile ya mbao iendayo darini;
kumbe do, re, mi ni vidato,
ila kati ya mi na fa, tena kati ya si na do,
seremala alibana mbao.
Ufunguo wa sol umejikunja
kama ganda la tufaha lililomenywa bila kukatika.
Coda ni mkia. Pia ni foleni ya posta siku ya pensheni.

Na ile nukta chini ya upinde?
Wageni, kasema Duilio, huiita fermata.
Tulicheka mpaka Loris akaangusha tarumbeta:
kwetu fermata ni kituo cha basi,
alama yenyewe tunaiita taji.
Usiku, kitandani, nikaona wageni hawakukosea.
Noti inasimama, mlango unafunguka,
unangoja, hujui mpaka lini.
Dereva ndiye ajuaye.

Kilichonishinda ni kimya.
Sikujua kwamba nacho huandikwa,
kwamba kina maumbo na urefu:
kirefu kinaning'inia chini ya mstari kama popo,
nusu yake imeketi juu kama kofia.
Mimi nilikuwa nikiviruka vyote.
Duilio akagonga kinara kwa bisibisi,
maana ndiyo fimbo yake ya kuongozea.
"Hayo si matundu, Nives. Yahesabu.
Ukiyaruka unatuibia."

Klarineti ilikuwa ya Alcide.
Karatasi nazo zake, pembe zimelainika kwa vidole.
Ukurasa wa pili, juu ya kipimo cha arobaini na moja,
amechora miwani.
Miwani midogo, ya penseli.
Nikasema: masikini mume wangu,
alikuwa akiisahau mezani,
nami nilivyokuwa nikimfokea kwa hilo!
Huruma hiyo nilitembea nayo wiki tatu.

Loris ndiye aliyenifungua macho, mdomo umejaa biskuti:
"Si miwani ya kuvaa, bibi.
Maana yake inua macho. Hapa mwendo unabadilika,
ukibaki kwenye karatasi utapotea."

Basi jana, kipimo cha arobaini na moja,
nikainua macho.
Nikamwona Duilio na bisibisi yake.
Na nyuma ya bega lake, viti vya wasikilizaji,
safu ya tatu, kile kilichopasuka mgongo,
nilipokaa kila Desemba
nikihesabu balbu za dari, nikiomba waishe upesi.

Nilipoishusha shingo
wenzangu walikuwa vipimo sita mbele.
"Da capo," akasema Duilio, bila hasira. "Tangu kichwani."
Loris akanifunulia ukurasa.
Nikalowesha ulimi wa klarineti, nikahesabu kimya:
moja, mbili, tatu.